Chumvi ya Varsenik

Mwaka huu hana kondoo.
Ameleta jogoo, miguu ameifunga kwa utepe wa zawadi,
na chumvi ya mawe ndani ya soksi ya mtoto.
"Ter Ghazar," ananiambia, "miaka yote nilitoa dume la kondoo.
Leo nimevunja."

Nabariki chumvi. Jogoo anaidonoa kiganjani mwake
kwa adabu kuliko waumini wangu wengi.

Desemba ile, uwanda wa Shirak ulipojigeuza
kama mtu aliyechoka kulalia ubavu mmoja,
nyumba ya Varsenik ilipasuka katikati:
jiko huku, vitanda kule,
na kati yake njia ambayo hakuna fundi aliyeichora.
Samvel, mtoto wa miaka sita, alikaa chini ya mawe siku mbili.
Mama akapiga magoti kwenye barafu, akaweka nadhiri:
nirudishie, na kila mwaka kondoo ni wako.
Akarudishiwa, kiatu kimoja hakipo,
anaomba jibini.

Ahadi ni deni, hata mwenye duka analijua hilo.
Varsenik amelipa.
Alilipa miaka ya giza, tulipochoma viti ili tuote moto.
Alilipa mwezi aliomzika mumewe.
Alilipa hata Samvel alipokwenda Urusi kumwaga lami,
akawa anapiga simu kila Jumapili, kisha kila Pasaka,
kisha simu ikawa kitu cha kufutwa vumbi tu.
Huu ni mwaka wa tisa.

Mimi nina mahubiri mfukoni.
Kurasa nne juu ya uaminifu wa Mungu,
maneno makubwa yote nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu.
Hakuna hata moja linalotaka kutoka.

Jogoo tunamchemsha kwa maji na chumvi, basi;
desturi haitaki kiungo kingine.
Nyama igawiwe nyumba saba kabla jua halijatua.
Nyumba zenye moshi kijijini zimebaki tano.
Mafungu mawili anayaweka vizingitini,
chini ya kufuli zenye kutu.
"Mbwa nao walikuwamo safinani," anasema.

Jioni, ameketi kando ya tanuru ya mikate,
shimo la udongo alilolichimba mama mkwe wake,
usingizi unamkamata, kiganja kingali na chumvi.

Hapo ndipo ninapouona.
Moshi unapanda kutoka tanuruni, mzito, hauna haraka,
unaingia katika ule ufa,
nusu ya nyumba huku, nusu kule,
unapita katikati
kama mwenye shamba anayekagua mipaka yake.

Mara ngapi nimesoma habari za yule mzee wa Uru!
Alipasua wanyama, akawapanga nusu kukabili nusu,
akashinda akifukuza ndege wala mizoga,
akingoja zamu yake ya kupita,
maana ndivyo watu walivyoapa enzi hizo:
nikivunja, na nipasuliwe hivi.
Siku zote nilidhani alipita.
Hakupita. Alikuwa amelala fofofo,
na giza zito juu yake,
na tanuru ya moshi ikapita peke yake,
ikakibeba kiapo cha pande zote mbili.

Kwa hiyo mdaiwa ni nani?
Tunaleta kondoo, tunaleta jogoo,
kama wapangaji wanaolipa kodi mlangoni
kwa nyumba waliyokwisha kuandikiwa,
na aliyetia sahihi alipasuliwa ubavu Yeye,
si sisi tuliovunja.

Simwamshi. Anaamka mwenyewe,
ananikuta nafuta macho.
"Moshi," nasema.
"Nimelala," anaona haya. "Mbele ya sadaka, nimelala."
"Umefanya vema, Varsenik. Sijui nikuambieje. Umefanya vema sana."

Ananitazama kama anavyotazama mbao za bei rahisi.
Anasema mwakani atatafuta kondoo, hata wa kukopa.
Anasema Samvel alipenda mafuta ya mkiani.
Kisha anataka kunifungashia chumvi iliyobaki,
anageuka huku na huku, karatasi hana.

Natoa kurasa zangu nne.
Anazikunja vizuri, wino ndani, anafunga kwa utepe wa jogoo.